Unajenga Mwanza na unataka sola? Ongea na mchora ramani kabla hujapaua

Wadau habari zenu. Hii naiandika kwa wale ambao bado wako kwenye ramani, au msingi, au boma limesimama ila bado halijapauliwa, na hata wewe uliyenunua kiwanja juzi kule Kisesa au Usagara na bado kuna mahindi ya watu humo ndani. Mimi ni fundi umeme, nafunga sola hapa mjini na pembeni ya ziwa, Magu, Sengerema, mara moja moja Ukerewe, na kitu kinachoniuma kila siku ni kuitwa kwenye nyumba nzuri imeshaisha, rangi imepigwa, jipsam imewekwa, alafu mwenye nyumba ananiambia fundi sasa tunataka tuweke sola. Hapo naanza kuzunguka paa natafuta pa kulaza paneli nne sipaoni, natafuta pa kupitisha nyaya sipaoni, na hela ambayo ingenunua betri inaishia kwenye kubomoa na kuziba. Yule anayekuchorea ramani ndo fundi wako wa kwanza wa sola, hata kama mwenyewe hajui.

Nianze na nyumba moja ya Buswelu ili nieleweke. Mama mmoja mtumishi, amejenga kwa miaka sita kidogo kidogo, nyumba ya kisasa ya paa la kuficha, zile ambazo ukuta unapanda juu unazunguka paa lote hulioni bati. Nzuri kweli. Ule ukuta wa juu umezidi bati kwa mita moja na kidogo. Kabla sijaitwa alishafungiwa paneli sita, safu mbili za tatu tatu, zimelazwa humo ndani ya ukuta kama mita moja tu kutoka ukuta wa mashariki, na analalamika betri haijai mpaka jioni. Nikapanda saa tatu asubuhi. Huku chini jua limeshawaka, watu wameshaanika nguo, ila kule juu kivuli cha ukuta kimelala kwenye safu ya kwanza, mstari umenyooka kama umepigwa na rula, umezikata paneli tatu karibu nusu kwa nusu. Nikabana waya na klampmita, kile kifaa cha kupima umeme unaopita, ampia mbili na pointi. Nikakaa pale pale kwenye mstari wa papi, zile mbao zinazobeba bati, nasubiri. Mstari unarudi nyuma taratibu, upana wa kidole, upana wa kidole, na ulipotoka kwenye fremu ya mwisho, ilikuwa kama saa nne kasorobo, namba ikaruka mpaka tisa. Paneli ni zile zile. Nikamwita yule mama apande ngazi aone mwenyewe, akaangalia ukuta wake akaniambia "fundi, huu ukuta mbona nimeulipia mimi mwenyewe". Jioni ukuta wa magharibi nao unafanya hivyo hivyo, yaani siku nzima anaibiwa mwanzo na mwisho.

Kwa nini kivuli kidogo kinaua hivyo, ni kwamba paneli zinaungwa mnyororo, umeme wa ya kwanza unapita kwenye ya pili mpaka ya mwisho. Ni kama bomba la mpira la kumwagilia, ukikanyaga sehemu moja tu maji yanapungua bomba zima. Ndani ya paneli kuna vidude vinaitwa dayodi vinasaidia umeme kuruka ile sehemu yenye kivuli, vinasaidia kweli ila sio kwamba vinarudisha kila kitu.

Alafu kuna jambo la huku kwetu ambalo wachora ramani wengi hawalihesabu. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Mwanza tuko kama nyuzi 33, yaani tuko magharibi ya ule mstari kwa mbali kidogo. Matokeo yake jua halifiki juu kabisa saa sita mchana kama tulivyofundishwa, linafika karibu na saa saba, saa saba kasoro dakika 10 au 15 hivi, inabadilika kidogo kwa miezi. Kwa hiyo saa tatu asubuhi jua bado liko chini kuliko unavyodhani na vivuli vya upande wa mashariki ni virefu. Ukuta uliozidi paneli kwa mita 1 saa tatu asubuhi unatupa kivuli cha mita moja na nusu na zaidi. Kanuni ninayoitumia mimi na haijaniangusha: kila kitu kilichosimama upande wa mashariki au magharibi mwa paneli, pima kimezidi paneli kwa urefu gani, zidisha mara mbili, hiyo ndo nafasi ya kuacha. Ukuta umezidi kwa mita 1.2, paneli zikae mita 2.4 mbali nao. Kwa upande wa kaskazini na kusini nafasi inaweza kupungua, nusu ya ule urefu mpaka robo tatu inatosha, mana mchana jua letu halilali sana.

Kwa hiyo kama roho yako imependa paa la kuficha, sikukatazi, ila mwambie mchoraji afanye moja kati ya mawili. Ama ukuta wa juu ushushwe ubaki mfupi, sentimita 40 au 50 kupita bati, chini barabarani hakuna atakayejua tofauti. Ama paneli ziinuliwe kwenye fremu ya chuma mpaka zilingane na kichwa cha ukuta, na hapo hiyo fremu ijulikane mapema ili miguu yake ikae juu ya ukuta wa chini au juu ya lenta, sio juu ya bati tupu. Yule mama wa Buswelu tulimfanyia hili la pili na imekuwa gharama mara mbili, mana ilibidi tutoboe bati jipya tutafute kuta zilipo.

Kwa paa la kawaida la kuonekana mambo ni rahisi zaidi, shida yake ni mapambo. Siku hizi ramani inakuja na paa lina vipembe saba, kila chumba kina kofia yake, mabonde kila kona. Ukiangalia toka barabarani ni zuri, ila ukipanda huko juu hamna sehemu hata moja iliyotulia. Unachotakiwa kumwomba mchoraji ni mgongo mmoja, yaani upande mmoja wa paa unaoteremka, mpana usiokatwa na kitu, hata kama mingine yote ataipamba anavyotaka. Vipimo hivi hapa: paneli ya wati 550 ni kubwa, ina urefu wa kama mita 2.28 na upana wa mita 1.13, uzito karibu kilo 28. Nne zikisimama sambamba zinakula mita 4.6 kwa mita 2.3. Kumi kwa safu mbili za tano tano zinataka kama mita 5.8 kwa 4.6. Ongeza nusu mita kila upande kwa ajili ya upepo na kwa ajili ya fundi kupita. Chora mstatili huo kwenye ramani, andika SOLA, na mwambie fundi bomba na fundi wa antena kwamba humo ndani hairuhusiwi kutoka kitu chochote, sio paipu ya hewa ya choo, sio dishi, sio nguzo ya taa.

Na simtanki! Hii nimeikuta nyumba nyingi mno. Mnara wa tanki unajengwa nyuma ya nyumba, mita tano kwenda juu, na juu yake tanki la lita 2000 jeusi, alafu liko mashariki kabisa mwa mgongo wa paa uliobaki. Mnara na paneli vikae pamoja kwenye karatasi moja wakati wa kuchora. Mnara ukiwa kaskazini au kusini mwa paa kivuli chake kinasumbua kidogo, ukiwa mashariki au magharibi kinasumbua mwaka mzima.

Sasa paa lielekee wapi? Hapa watu wanasoma maelekezo ya Ulaya wanachanganyikiwa, wanaambiwa paneli ziangalie kusini kwa nyuzi 35. Hiyo ni ya kwao. Sisi Mwanza tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini kabisa katikati ya mwezi wa tatu na tena mwishoni mwa mwezi wa tisa, mwezi wa sita liko upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko upande wa kusini. Kwa hiyo kwetu uelekeo sio ugomvi mkubwa. Kinachotakiwa ni mwinuko mdogo, nyuzi 10 mpaka 15, na hata huo sio kwa ajili ya jua, ni kwa ajili ya mvua iweze kuosha vumbi na maji yasituame kwenye ukingo wa fremu. Chini ya nyuzi 5 utakuwa unaosha wewe. Paa lenye mgongo wa mashariki na wa magharibi ni zuri tu, ukigawa nusu kwa nusu chaji inaanza mapema na inachelewa kuisha, cha kuzingatia ni kwamba paneli za mashariki na za magharibi zisiungwe kwenye mnyororo mmoja, kila upande uingie kwenye inveta (mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa nyumbani) kwa mlango wake.

Lakini Mwanza uelekeo una mwenzake, na huyo ndo mkali: milima na mawe. Mtu wa Igoma au Buhongwa pale tambarare hana shida. Mtu wa Bugarika, Mabatini, Igogo, Isamilo, au chini ya yale mawe ya kuelekea Kirumba, anaweza kuwa na paa zuri na jua likamfikia saa nne asubuhi au likamkimbia saa tisa mchana kwa sababu kuna jiwe la ukubwa wa ghorofa mbili pembeni yake. Jiwe halikatwi kama mti. Kabla ya kuchora nenda kiwanjani saa mbili na nusu asubuhi, simama katikati, piga picha uelekeo wa jua, rudi saa sita, rudi saa kumi na moja jioni. Ukiweza rudia mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili mana jua linahama, mlima wa kaskazini unaokupa kivuli mwezi wa sita haukugusi mwezi wa kumi na mbili. Ukiona asubuhi yote ni ya mlima, basi mgongo wa paa uangalie magharibi na usijilaumu, utavuna mchana na jioni. Na miembe ya jirani pia ihesabu kwa urefu itakaofikia baada ya miaka kumi, sio ulionao leo.

Kabla hatujaenda kwenye kupaua ngoja niseme kuhusu ukubwa, mana ndo unaamua eneo la paa. Kama sasa hivi umepanga, angalia meseji zako za LUKU, jumlisha uniti ulizonunua miezi mitatu, gawa kwa siku 90, hizo ndo uniti zako za siku. Kama huna, hesabu kwa vitu. Friji ya kawaida uniti 1 na pointi 2 kwa siku. Tivii ya wati 80 masaa matano, pointi 4 (yaani uniti 0.4). Taa kumi za LED za wati 8 masaa matano, pointi 4. Feni mbili usiku, pointi 6 na kidogo. Ruta, simu na laptop, pointi 4. Pampu ya maji ya hosipawa moja ikizunguka dakika 45, pointi 5 na kidogo. Pasi nusu saa, pointi 5 hivi. Jumla uniti 4 na ushee. Paneli nne za 550 ni wati 2200, masaa matano ya jua zuri kwa siku ya Mwanza, ukitoa robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa njiani unapata kama uniti 8 (uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja). Nyingi kuliko unazohitaji, ndio, na ziwe hivyo, kwa sababu mwezi wa kumi na moja na wa nne kuna siku mawingu yanashinda ziwani mpaka jioni na utapata nusu au chini ya nusu. Betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampia 100 inabeba uniti 5, inatosha usiku wa nyumba hiyo. Inveta chukua ya kilowati 5 japo hesabu inaonyesha 3 ingetosha, mana pampu ikiwaka inavuta mara tatu ya kawaida yake kwa sekunde kadhaa na hapo ndo inveta ndogo zinazima.

Kitu ambacho hakipo kwenye hesabu yangu ni hita ya bafuni, ile ya kuoga ya wati 3000 mpaka 5000, na jiko la umeme. Hizo usizilete kwenye betri. Asubuhi Mwanza ina kibaridi, maji ya moto watu wanataka, basi panga hita ya sola ya maji yenye tanki na mabomba ya kioo, iwekewe nafasi yake kwenye paa karibu na bafu ili bomba la moto liwe fupi. Tanki likijaa linakuwa zito, lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu chuma chenyewe, kwa hiyo chini yake pawe na ukuta. Hii nayo haiwezekani kuibuni baada ya kupaua.

Na punguza mzigo kwa nyumba yenyewe. Mchana upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu, usiku unageuka. Madirisha mawili yanayotazamana kwenye chumba, moja upande wa ziwa, yanakuokolea feni. Ukuta wa magharibi usijae vioo, jua la saa kumi linaingia mpaka kwenye kochi alafu usiku chumba kinachemka. Huko magharibi ndo pa kuweka stoo, choo, ngazi.

Tuje kupaua. Uzito wa sola sio mkubwa kama watu wanavyoogopa, paneli kumi na reli zake ni kilo 320 hivi zimetandazwa kwenye mita za mraba 26, kama kilo 12 kwa mita moja ya mraba. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, ikifungwa vizuri inabeba. Kinachotisha huku ni upepo wa kunyanyua, zile dhoruba za ziwani zinazokuja usiku na radi, upepo unaingia chini ya paneli unataka kuondoka nayo. Kwa hiyo chini ya ule mstatili wako wa SOLA mwambie fundi kupaua asogeze kenchi zikaribiane, mita moja na ishirini isizidi, mbao ziwe zilizotiwa dawa, na papi badala ya inchi mbili kwa mbili aweke mbili kwa tatu. Mbao za papi azipangie mahali reli zitapita, apige picha na mita ikionekana, mana bati likishalala hamna anayekumbuka. Bati liwe geji 28 angalau hapo, geji 30 ukilikanyaga mara tatu limeshabonyea na linaanza kuvuja. Na bolti ipite kwenye mgongo wa bati, kamwe sio bondeni kunakopita maji, na chini ya mguu wa reli pawe na raba, silikoni peke yake kwa jua hili inakauka na kupasuka. Bolti na nati za stenlesi. Bahati yetu ziwa ni maji baridi, hatuna chumvi inayokula vyuma kama wenzetu wa Dar na Tanga, ila unyevu upo na bolti ya kawaida kwenye reli ya alumini inaozea hapo hapo.

Acha nafasi ya sentimita 10 mpaka 15 kati ya bati na paneli. Hii sio urembo. Paneli inapimwa kiwandani ikiwa na nyuzi joto 25, na kila nyuzi moja ikizidi inapoteza kama 0.35 kwa mia. Saa nane mchana juu ya bati paneli inafika nyuzi 60 na zaidi, umeshapoteza kumi na mbili kwa mia bila kosa la mtu. Hewa ikipita chini inapoa. Faida ya pili huwa siwaambii watu, wenye nyumba wanaisema wenyewe, chumba kilicho chini ya paneli kinakuwa na ubaridi kuliko vingine, mana bati halipigwi jua.

Kama paa limegoma kabisa, tumia paneli kama paa. Kibaraza cha magharibi, sehemu ya kuegesha gari, juu ya kibanda cha kufulia, unasimamisha nguzo za chuma, reli, na paneli zenyewe ndo zinakuwa kivuli. Kwa kazi hiyo chukua zile za kioo pande zote mbili, zina nguvu na zinaokota mwanga unaorudi toka chini kama sakafu ni nyeupe. Ila zitavuja kati ya paneli na paneli, kwa hiyo pawekwe mfereji mdogo chini ya kila kiungio, na mwinuko usipungue nyuzi 7. Chora nguzo zake kwenye msingi ule ule ili fundi amwage zege mara moja. Mambo ya vigae vya sola vinavyofanana na vigae vya kawaida mimi kwa sasa sikushauri, kimoja kikifa kumpata fundi na kigae cha kufanana nacho hapa Mwanza ni msamiati.

Nyaya. Hapa ndo hela inaokolewa kuliko sehemu zote. Kabla ya plasta, pitisha paipu mbili za milimita 32 kutoka darini chini ya ule mstatili mpaka kwenye ukuta wa inveta, kona ziwe za kulegea, na paipu ya tatu kwa ajili ya waya wa ethi, ule unaopeleka umeme wa hatari ardhini. Paipu za sola zisichanganywe na nyaya za kawaida za nyumba. Weka kamba ndani ya kila paipu iachwe hapo, hata kama hela ya sola utaipata miaka mitatu ijayo. Paneli nne kwa mnyororo zinatoa volti karibu 200 za DC (umeme wa paneli na betri, unaokwenda upande mmoja), kumi zinafika 500 na inveta nyingi ndo mwisho wake, ndo maana kumi tunazigawa tano tano. DC ya volti hizo haina utani, ikianza cheche haikatiki kirahisi, kwa hiyo breka ziwe za DC zenyewe, ile breka ya kawaida ya AC (umeme wa nyumbani) ukiiweka hapo siku ya shida inaweza isikate na moto ukaendelea humo ndani. Waya milimita 6 wa sola wenye ganda mbili, na plagi za MC4, zile za kuungia nyaya za paneli, zinazoungana ziwe za aina moja, ukichanganya aina zinapata joto.

Ukuta wa inveta na betri: stoo au chini ya ngazi, ukuta wa tofali sio wa mbao, pasipopigwa na jua la mchana, sio chumbani kwa kulala na sio jikoni. Pawe na matundu ya hewa chini na juu. Kama unatumia betri za maji zinatoa gesi inayowaka, hapo matundu ni lazima kabisa. Na kwa watu wa pembeni ya maji, Igombe, Kayenze, Bwiru, weka wavu wa mbu kwenye hayo matundu, wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wanafuata taa, nimefungua inveta nikakuta feni imesimama kwa sababu wamejaa humo kama unga.

Wakati wa wairingi mwambie fundi umeme atengeneze DB mbili, yaani maboksi mawili ya breka. Ya kwanza taa, friji, tivii, soketi za vyumbani na pampu, hii ndo italishwa na inveta. Ya pili hita, jiko, kiyoyozi, hii ibaki TANESCO peke yake. Ukishajenga na DB moja iliyochanganya kila kitu, kuja kutenganisha ni kufumua kuta. Na inveta iwe ile ambayo TANESCO wakikata na yenyewe inajitenga na laini yao, mana kuna mtu kule kwenye nguzo anashika waya akijua umeme haupo. Ukitaka kuwarudishia umeme uliozidi nenda ofisi zao ukaombe kwanza, usijiunganishie.

Mwisho ethi, na hapa watu wa milimani nisikilizeni vizuri. Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi Afrika, kila mtu wa hapa anazijua zile za alfajiri. Nyumba moja Bugarika nilichimba nipige fimbo ya ethi, sentimita 40 nikagonga jiwe, nikahama mita mbili, jiwe, fimbo ya tatu ikajikunja kama waya wa hanga. Mzee mwenye nyumba akanambia "kijana wangu, hapa mpaka chini ni jiwe moja tu". Tukaishia kutafuta udongo mita 14 kutoka nyumbani, kwenye mgomba wa jirani, na kuomba ruhusa ya kuchimba mtaro. Kama tungejuana wakati wa msingi ingekuwa kazi ya nusu siku: unatandika waya mtupu wa shaba kuzunguka mtaro wote wa msingi, unaubana na nondo, unaacha ncha mbili zinatokeza juu, moja upande wa inveta, moja upande wa paa, alafu ndo zege inamwagwa. Wengine wanajaza mkaa na chumvi kwenye shimo, inasaidia kwa muda ila chumvi inaoshwa na mvua na inaila shaba, ukipata udongo wa bentonaiti ni bora. Fundi apime na mashine, chini ya omu 10 ndo aondoke. Fremu zote za paneli na reli ziungwe kwenye hiyo ethi, na seji protekta mbili (vifaa vya kuzuia umeme wa ghafla kama wa radi), moja upande wa DC na moja upande wa umeme wa nyumba.

Kuosha kupangwe pia. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa vumbi la mitaa ambayo haina lami ni jekundu na linagandia, na kuna kunguru, na wale korongo wakubwa wa mjini wakikaa kwenye paa lako kinyesi chao kimoja kinafunika seli nzima. Weka bomba la maji lenye koki nje karibu na paa, na vikanyagio vya chuma kwenye ukuta sehemu isiyo rahisi kwa mwizi kufikia. Osha alfajiri paneli zikiwa za baridi, maji matupu na kitambaa laini, ukimwaga maji ya baridi saa nane mchana kioo kinaweza kupasuka.

Na kabla fundi plasta hajaanza, zunguka nyumba nzima na simu, piga picha kila ukuta wenye paipu, weka futi ikionekana kutoka kwenye kona, alafu zitume kwenye namba ya mtu mwingine wa familia. Simu inapotea, na anayekuja kufunga sola anaweza kuwa fundi mwingine kabisa, sio mimi wala yule wa kwanza.